Kashata za protini zinapokataa: fuata maji yalikoenda

Kashata ikikataa kushikana, mkono wa mpishi huenda moja kwa moja kwenye chupa ya asali. Unaongeza kijiko, haishikani. Unaongeza cha pili, inashikana, unafurahi. Kesho yake unafunua kopo unakuta vipande vimelowa, vimegandana, na kuvibandua mpaka kwa kisu. Nimepitia hayo sinia baada ya sinia kabla sijaelewa kwamba asali haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa natibu ugonjwa nisioujua.

Ninazoeleza hapa ndizo zile ambazo madukani huitwa baa za protini. Mimi naziita kashata maana ndivyo zilivyo: karanga za kukaanga, kitu kitamu cha kuzishikamanisha, sinia na kisu. Bibi yangu kule Tanga alizipika kwa sukari na iliki, zikaliwa na kahawa chungu jioni. Zangu nimezibebesha soya, ufuta na maziwa ya unga, ili mtu anayetoka mazoezini au mtoto anayeshinda shule hadi saa kumi apate chakula cha kumshikilia. Kupika kwenyewe ni kazi ya saa moja. Kujua kwa nini zimekataa ndiko kulikonichukua miaka, na ndiko ninakotaka kukuokolea.

Ili tuzungumze kitu kimoja, hiki ndicho kipimo changu: karanga gramu 200, ufuta gramu 50, unga wa soya iliyokaangwa gramu 80, maziwa ya unga gramu 80, tende zisizo na kokwa gramu 220, asali gramu 60, iliki, chumvi kidogo na matone ya ndimu. Karanga nazikaanga, nazimenya na kuzipepeta, kisha nusu nazisaga hadi zianze kutoa mafuta na nusu nazitwanga nusunusu. Tende nazilowesha, nazichuja, nazitwanga. Asali naichemsha na ndimu hadi ikolee, naichanganya na tende na karanga zilizosagwa, ndipo vikavu vingine vinafuata. Nakandamiza kwenye sinia, naacha ipoe saa mbili, nakata vipande 14 vya karibu gramu 50 kila kimoja.

Pima kwa mizani. Kikombe cha tende zilizoshindiliwa na kikombe cha tende zilizomwagwa tu havina uzito mmoja hata kidogo, na kashata haisamehe tofauti hiyo.

Kwanza jiulize: zimeharibika lini?

Hili ndilo swali linalomaliza nusu ya kazi. Kashata iliyokuwa ngumu mara tu ilipopoa ina tatizo tofauti kabisa na iliyokuwa laini jana ikawa jiwe leo. Iliyonata ikiwa bado siniani haifanani na iliyoanza kunata siku ya nne koponi. Macho yanaona dalili moja, lakini vyanzo ni viwili.

Sababu ni maji. Ndani ya kashata kuna maji machache sana, na yote yameletwa na tende na asali: tende laini ina maji kama sehemu moja kwa tano ya uzito wake, na asali iliyoiva vizuri hukaribia hapohapo. Maji hayo hayatulii. Unga mkavu unayanyonya polepole kwa siku mbili nzima, hewa ya Dar es Salaam inaongeza mengine, hewa ya Dodoma inayachukua. Kila dalili ninayoieleza hapa chini, ukiondoa uchungu na kuumwa tumbo, mimi huitafutia chanzo kwa kuuliza maji yalikuwa wapi na yameelekea wapi.

Zinamomonyoka kisuni

Kabla hujamwaga mchanganyiko siniani, chota ujae kiganja, fumba ngumi kwa nguvu, hesabu hadi tano, kisha fumbua. Angalia vizuri.

Donge likibaki zima, alama za vidole zikiwa zimechorwa juu yake na kiganja kikiwa na mng'ao mdogo tu, mwaga siniani bila wasiwasi. Donge likipasuka katikati na chembe kavu zikidondoka, maji hayatoshi. Donge likishikana lakini likaacha mafuta yanayoteleza hadi kwenye kifundo cha mkono, tatizo ni mafuta, na asali haitakusaidia chochote. Hilo la mafuta nitalirudia.

Ukikuta ni ukavu, mshukiwa wa kwanza ni tende. Zile zilizokaa gunia moja miezi mingi zimepoteza maji yake, na ukizitwanga zinatoa nyuzi badala ya ulaini kama wa ugali wa moto. Ziloweshe dakika 15 kwenye maji ya vuguvugu, zichuje, zikamue kidogo, ndipo uzitwange. Zikiwa ngumu sana, dakika 30. Usiyamwage yale maji. Kijiko kimoja cha chakula cha maji ya tende kwenye mchanganyiko mkavu kinafanya kazi ambayo vijiko vitatu vya asali haviwezi, kwa kuwa kilichokosekana ni maji, na asali ni sukari kwa sehemu nne kati ya tano.

Mshukiwa wa pili ni karanga zote kubaki nzimanzima. Punje nzima haina cha kushikia. Ni karanga iliyosagwa ndiyo inayokuwa udongo, zile nzima ni mawe tu. Ukipenda kutafuna punje, ongeza zile za kutwanga nusunusu lakini usiguse ile nusu ya kusagwa.

Tatu ni uvivu wa mkono. Kijiko hakikandamizi. Tandika karatasi ya kuokea juu ya mchanganyiko, chukua chini ya kikombe kizito au sufuria ndogo, kandamiza kuanzia pembeni ukielekea katikati, zungusha sinia, rudia. Kimo kikitoka sentimita tatu hadi mbili, umefanya kazi.

Na kisu chenyewe kina saa yake. Kashata ya shira ya sukari, kama ya bibi, hukatwa ikiwa bado ina joto. Ukingoja ipoe itavunjika vipande vya ajabuajabu. Kashata ya tende ni kinyume: ikikatwa moto inafuata kisu, kwa hiyo ngoja ipoe kabisa, au uiweke kwenye friji nusu saa. Wengi wanaolalamika kwamba zao zinamomonyoka wamechanganya kanuni hizi mbili.

Zilizokwisha kumomonyoka usizitupe. Zirudishe kwenye bakuli, nyunyiza maji ya tende kijiko kimoja, acha dakika kumi, fumba ngumi tena. Zikikataa bado, zinakwenda vizuri juu ya uji wa asubuhi au ndani ya mtindi.

Ngumu kama jiwe

Ngumu tangu zilipopoa? Umeichemsha asali kupita kiasi. Weka bakuli la maji baridi kando ya jiko kabla hujawasha moto. Asali ikianza kutoa povu dogodogo na harufu yake ikabadilika kidogo, dondosha tone ndani ya yale maji. Likisambaa kama wingu, bado. Likikusanyika chini, ukaweza kulishika na likabonyea kati ya vidole kama tonge la sembe, toa jikoni sekunde hiyohiyo. Likigonga bakuli na kutoa sauti, umechelewa. Kashata yake itakuvunja jino. Kati ya tonge laini na kigae kuna dakika chache tu, na kwa gramu 60 za asali kwenye moto wa mkaa hata dakika hizo hazipo, kwa hiyo punguza moto na usiondoke.

Wenye kipimajoto cha jikoni, tonge laini hupatikana kwenye nyuzijoto 112 hadi 116 ukiwa pwani. Ukiwa Arusha, kwenye kimo cha karibu mita 1,400, maji yenyewe huchemka kwenye nyuzi kama 95, hivyo punguza nyuzi tano kwenye kila kipimo. Nairobi ipo juu zaidi, punguza sita. Nilimpa ndugu yangu wa Arusha kipimo changu cha Dar neno kwa neno, akapata vigae mara tatu mfululizo, na kosa lilikuwa langu, sikuwaza habari ya mwinuko. Bakuli la maji halina tatizo hilo, tonge ni tonge popote ulipo, na ndiyo maana nalipenda kuliko kipimajoto.

Laini jana, jiwe leo? Hapo shira haina hatia. Unga wa soya na maziwa ya unga vilikuwa bado vina kiu ulipokata vipande, vikaendelea kunywa usiku kucha. Unga wa protini wa makopo, ule unaotokana na maji ya maziwa yanayobaki jibini linapotengenezwa, nao umo kwenye kundi hilo la wanywaji, na anayeweka vijiko vinne badala ya viwili kwa tamaa ya protini ndiye anayeniandikia kwamba zake zimekuwa matofali.

Dawa yake ni kuwapa muda wanywe mbele ya macho yako. Ukimaliza kuchanganya, funika bakuli kwa kitambaa kibichi, kaa dakika 20, kisha fumba ngumi. Mchanganyiko uliokuwa mzuri utakuwa umekakamaa. Sasa ndipo uongeze maji ya tende au maziwa, kijiko kimoja kimoja, hadi donge lirudi kushikana. Mafuta nayo yanasaidia: karanga iliyosagwa hadi ikawa siagi huzizunguka chembe za unga na kuzichelewesha kunywa. Kwa hiyo anayepunguza karanga akaongeza unga, kwa kuogopa mafuta, amejitengenezea ugumu mwenyewe.

Jiwe lililokwisha kuwa jiwe lifunike kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, ndani ya kopo, saa sita, au ulitwange na tende mbili mpya ufinyange vidonge na kuvizungusha kwenye ufuta. Watoto wangu wanavipenda vidonge hivyo kuliko kashata zenyewe.

Zinanata, hazikatiki, au zinalowa

Zikinata tangu siniani, maji yamezidi au asali haikukolea. Tazama pia kama umetia ndizi mbivu au nazi mbichi iliyokunwa. Naelewa kwa nini watu wanavitia, ladha yake ni nzuri, lakini ndizi ni maji robo tatu, na nazi mbichi inabeba maji pamoja na mafuta. Kashata yenye vitu hivyo ni chakula cha siku hiyo na kesho yake, tena kwenye friji. Nazi ukiitaka, ikaange kwanza kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, hadi iwe rangi ya kahawia hafifu na isikike ikikwaruza.

Sinia lililolowa linaokoka kwa joto la chini: oveni nyuzi 120, dakika 15 hadi 20, au juu ya jiko la mkaa lililofifia, sufuria ikiwa na mchanga chini na sinia juu yake, kifuniko kikiwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Usikimbilie kuongeza unga. Unga utakausha leo, na keshokutwa utarudi kwenye jiwe la sehemu iliyopita.

Zikiwa nzuri siku ya kwanza na kuanza kunata siku ya tatu au ya nne, hewa ndiyo imeziingia. Asali na tende huvuta unyevu, na wakati wa masika Tanga, Mombasa au Unguja hata chumvi mezani inalowa. Kopo lenye kifuniko kinachobana, karatasi kati ya tabaka na tabaka, na usifungue kila saa. Mimi nagawa vipande kwenye makopo madogo mawili, moja la kula na moja lisiloguswa.

Mafuta yanavuja

Kuna siku utaona karatasi imekuwa kioo na vipande vinateleza. Karanga ni mafuta karibu nusu ya uzito wake, na ufuta vilevile, kwa hiyo mafuta yapo, suala ni kwa nini yametoka. Mara nyingi ni blenda. Ukisaga bila kupumzika, karanga zinapata moto na chembe zinapasuka zote. Saga sekunde 30, pumzika, kwangua pembeni, saga tena. Wakati mwingine umemwaga asali inayochemka juu ya karanga zilizosagwa ukakoroga kwa nguvu kama unayesonga ugali. Mchanganyiko unakakamaa ghafla na mafuta yanajitenga. Acha asali itulie dakika mbili, halafu kunja taratibu kwa mwiko. Ikikutokea, kijiko kimoja au viwili vya maziwa ya vuguvugu vikikandwa ndani huyarudisha mafuta mahali pake. Inashangaza kuona kitu kinachovuja kikitulizwa kwa kuongezewa maji, ila jaribu uone.

Chungu, au harufu si yake

Hapa naomba tuende polepole, kwa sababu uchungu mwingine ni suala la ladha na mwingine ni suala la ini.

Uchungu wa kuungua unajulikana: unakuja mwishoni mwa kutafuna, na punje ukiipasua ndani ni kahawia iliyokolea. Karanga huendelea kuiva hata zikiwa nje ya moto, kwa hiyo zitoe zikiwa bado hazijafika rangi unayoitaka na uzitandaze kwenye sinia pana papo hapo. Ufuta unaungua kwa kufumba na kufumbua. Unapoanza kurukaruka na kutoa harufu, umeiva.

Harufu ya maharage mabichi ni soya. Soya isiyopikwa ina kimeng'enya kinachoamka punje inapopondwa au kulowekwa kwenye maji baridi, na ndicho kinachozaa harufu hiyo. Tena ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, maana yake unakula protini usiyoipata. Zote mbili zinaondolewa na moto. Soya ziingie kwenye maji yanayochemka tayari, zichemke dakika 25 hadi 30, zikaushwe juani hadi zivunjike, zikaangwe hadi zinukie, ndipo zisagwe. Niliwahi kununua unga wa soya dukani, mfuko haukusema kama umekaangwa, nikadhani umekaangwa. Nyumba nzima tuliumwa tumbo. Tangu hapo nikinunua wa kusagwa ninaonja ncha ya kidole kwanza: uliokaangwa una ladha ya karanga na rangi ya mchanga wa pwani; mbichi ni mweupe kuelekea njano na unaacha ladha ya jani ulimini. Ukigundua ni mbichi, ukaange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukikoroga bila kusimama, kama dakika 15, hadi harufu ya maharage iondoke.

Harufu ya rangi ya ukutani, au ya mafuta ya taa yaliyokaa, ni mvundo wa mafuta. Hewa, mwanga na joto vimeyaharibu mafuta ya karanga. Karanga iliyokaangwa inavunda mapema kuliko mbichi, na iliyosagwa mapema zaidi, kwa hiyo kaanga kiasi cha sinia moja. Kopo lisiloonyesha ndani, mbali na jiko.

Uchungu wa nne ndio ninaouogopa. Punje iliyosinyaa, yenye rangi ya kijivu au madoa meusi, ukiitafuna inakufanya uteme bila kufikiri. Hiyo inaweza kubeba sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus kwenye karanga na mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na maeneo jirani ya mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, hapa kwetu. Hao ni walioipata kwa wingi mara moja. Anayeipata kidogo kidogo kwa miaka huongezewa hatari ya saratani ya ini.

Kukaanga hakuiondoi. Moto wa kawaida wa jikoni huipunguza kwa kiasi tu, na kuvu akifa sumu yake inabaki. Asali na iliki zinaficha uchungu, jambo ambalo linanitisha zaidi kuliko kunifariji. Kwa hiyo kinga iko kwenye ungo, kabla ya jiko. Nunua karanga nzima zisizosagwa, ikiwezekana zenye maganda yake, kwa mtu anayekuruhusu kutia mkono ndani ya gunia. Ziwe zinasikika kavu zikigongana. Nyumbani zimwage kwenye ungo mweupe au sinia, mchana, kando ya dirisha, na uziondoe zote zilizosinyaa, zilizovunjika na kubadilika rangi, zenye vumbi la kijani au la njano. Kwa gramu 200 hiyo ni kazi ya dakika kumi. Gunia likiwa na mbovu nyingi, rudisha lote. Na zile mbovu usimpe kuku wala ng'ombe, kwa sababu sumu hiyo humwathiri mnyama naye, na ya ng'ombe hurudi mezani kwako ndani ya maziwa. Kwa sababu hiyohiyo sinunui karanga za kusagwa tayari nisizojua zilichaguliwa na nani. Punje mbovu ikishasagwa, hakuna jicho litakaloiona tena.

Ukungu

Madoadoa meupe yenye manyoya, au kijani, tupa kopo zima. Usikwangue juu ukala chini.

Chanzo kikubwa nimekiona kwenye jikoni nyingi, na kwangu pia: kufunga zikiwa na joto. Mvuke unapanda, unagota kifuniko, unarudi kama matone juu ya vipande. Umezipikia kashata mvua ndani ya kopo. Ziache zipoe kabisa, hata ikibidi saa tatu, chini ya kitambaa safi. Zikitoka kwenye friji nazo zina jasho lake. Toa unazokula, nyingine zibaki humo. Kwa hali ya hewa ya pwani mimi siziachi nje zaidi ya siku tano. Kwenye friji nakula hadi wiki tatu.

Makosa madogo

Chembechembe za sukari mdomoni hutokea kwa wanaopika shira ya sukari: sukari imerudi kuganda. Matone ya ndimu yanaizuia, na usikoroge shira ikishaanza kuchemka. Kung'ang'ania sinia, paka mafuta kidogo au tandika karatasi. Iliki ikipotea, umeitia asali ikiwa motoni, itie mwishoni.

Tumbo kujaa, na maonyo mawili

Gesi baada ya kula ikitokea mara kwa mara, angalia maziwa ya unga. Watu wazima wengi hawaisagi vizuri sukari ya maziwa, nao hawajui, kwa vile chai ya maziwa ina kiasi kidogo. Pika sinia moja bila maziwa, uweke ufuta na soya zaidi, ulinganishe.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali hata iliyopikwa, kwa ajili ya vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopooza misuli. Wadogo wa chini ya miaka mitano wasipewe karanga za punje, zinakaba. Zao zisagwe zote. Na ukipeleka kashata shuleni au kazini, sema wazi kuna karanga, ufuta, soya na maziwa. Kuna watu ambao kipande kimoja kinawafunga koo.

Zimetoka nzuri, lakini zina protini?

Hili nalo ni tatizo, ingawa halionekani kwa macho. Wengi wanachukua tende na kakao, wanaviringisha, wanaita ya protini. Tende ina protini gramu 2 tu kwa kila gramu 100. Karanga ina kama 25, maziwa ya unga yasiyoondolewa mafuta 26, ufuta 18, soya 36. Kwa kipimo changu sinia zima linafika karibu gramu 115, yaani gramu 8 kwa kipande, zaidi kidogo ya yai moja, pamoja na kalori kama 215. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 50 hivi kwa siku, kwa hiyo kipande ni msaada kati ya mlo na mlo, hakichukui nafasi ya maharage au samaki.

Mchanganyiko wenyewe una maana. Protini hujengwa kwa vijenzi vidogo vidogo, na lisini na methionini ni viwili kati yake. Karanga na ufuta vina upungufu wa lisini, ambayo soya na maziwa vinayo. Soya inapungukiwa methionini, na ufuta unaileta. Ukiondoa ufuta kwa kuona ni pambo, umeondoa zaidi ya pambo.

Sukari nayo ihesabiwe. Kipande changu kina kama gramu 16, nyingi ya tende, na karibu gramu tatu na nusu tu ndiyo ya asali. Kashata ya kawaida ya nusu karanga nusu sukari, kwa uzito uleule, ina gramu 25, yote ya kuongeza. Sukari guru ni sukari, rangi yake isikudanganye.

Ukitaka protini ipande, ongeza gramu 60 za unga wa protini wa kopo, usio na ladha, na utapata gramu tatu zaidi kwa kipande. Utaongeza pia kiu. Tia maziwa vijiko viwili kabla hujauona ugumu, funika kwa kitambaa kibichi, kaa dakika 20, kisha chota ujae kiganja ufumbe ngumi.